Kurudisha Hela Hakufuti Jinai

Jumamosi iliyopita nilialikwa Dodoma mjini, kama wakili, kuzungumza na wenyeviti wa vijiji na mitaa, watendaji wa kata, viongozi wa dini, wasaidizi wa kisheria na akina mama wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, kutoka Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa, Kongwa na Manyoni. Waliokosa nafasi wameniomba nakala ya hotuba yangu kuhusu ahadi za uongo za kazi za nje ya nchi, nami naiweka hapa nzima. Watu ninaowasimulia nimewabadilishia wilaya na baadhi ya mambo yao ili wasitambulike.

Ndugu mwenyekiti wa mkutano, shehe wetu, mchungaji, watendaji, mama zangu wa VICOBA, na nyie vijana mliosimama huko nyuma wakati viti vipo: assalaam aleikum, Bwana asifiwe, na Mbukwenyi!

Mmeitikia kama watu waliokunywa chai. Asanteni.

Naanza na swali, na nataka mikono. Nani humu ndani hajawahi kukaa kikao cha mtu aliyechukua hela za vijana akiahidi kuwapeleka Uarabuni, safari ikafa? Nimesema hajawahi. Naona mikono mitatu, na mmoja wapo ni wa mtendaji aliyehamia mwezi jana. Basi tunajuana.

Kikao chenyewe tunajua kinavyokwenda. Mtuhumiwa anakuja na mjomba wake na mzee mmoja wa heshima. Anaongea kwa upole. Anasema viza zilichelewa, ofisi ya Dar imemwangusha, yeye mwenyewe ameumia. Inachanwa karatasi ya daftari la mistari, anaandika: mimi fulani bin fulani nakiri kurudisha shilingi kadhaa, nusu leo, nusu baada ya mavuno. Mashahidi wawili upande huu, wawili upande ule. Mhuri wa serikali ya kijiji unagongwa pwaa! Wanapeana mikono. Mwenyekiti anasema, haya, yamekwisha, tusichafuane.

Nawauliza, yamekwisha kwa nani?

Nilikuwa na vijana wanne wa Bahi, wakulima wa mpunga. Mtu wanayemfahamu, amesoma nao, aliwaambia zipo kazi za stoo Qatar, mshahara mzuri, malazi bure. Kila mmoja atoe laki tisa za pasi, kupima afya na "kufungua faili". Mmoja aliuza dume la ng'ombe. Mwingine alikopa kwenye kikundi cha mama yake, na mama yumo kwenye mikutano kama hii. Miezi ikapita. Kila wiki kuna voisi mpya ya WhatsApp: jiandaeni, tiketi zinatoka. Hazikutoka. Wakamkamata yule aliyewaahidi kazi, wakamleta ofisi ya kijiji, kikao kikakaa, karatasi ikaandikwa, nusu ya hela ikalipwa jioni ile ile kwa simu. Watu wakamsifu. Kumbe ni mwaminifu!

Walikuja kwangu kwa sababu ile nusu ya pili haikulipwa. Nikaomba kuona kila kitu, na kijana mmoja alikuwa amepata nakala ya miamala ya yule bwana. Tukaisoma mstari kwa mstari. Asubuhi ya siku ya kikao ziliingia hela za watu watatu, laki tisa, laki tisa, laki tisa. Namba za watu wa Manyoni. Jioni zikatoka kwenda Bahi.

Mmenielewa? Wale vijana wa Bahi walilipwa kwa hela za vijana wa Manyoni waliokuwa wanapigwa asubuhi ile ile. Na mhuri wa serikali ya kijiji ukagongwa juu yake. Ule mkutano haukumzuia mtu, ulimpa muda wa kwenda wilaya ya pili.

Ndiyo maana leo nimekuja na neno moja, na nitalirudia mpaka mnichoke: kurudisha hela hakufuti jinai. Hela ikirudi, deni limepungua. Kosa liko pale pale.

Kwa nini? Kwa sababu ukienda mahakamani na kesi ya deni, faili linaandikwa jina lako dhidi ya jina lake. Hiyo ni yenu wawili, mkitaka kusameheana, sameheaneni. Kesi ya jinai inaandikwa Jamhuri dhidi ya fulani. Jamhuri! Sasa wewe mwenyekiti wa kijiji, kwa heshima zote, unamsamehe mtu kwa niaba ya Jamhuri umetumwa na nani? Kanuni ya Adhabu inakwenda mbali zaidi: mtu anayepokea hela au manufaa kwa makubaliano ya kuficha kosa kubwa, naye amefanya kosa. Ile "asante ya kikao" anayoachiwa mzee mezani siku hiyo, muichungulie vizuri kabla hamjaitia mfukoni.

Hebu tuone makosa yenyewe. La kwanza ni kujipatia fedha kwa udanganyifu, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu. Alisema kazi ipo, akijua haipo, akalipwa. Adhabu yake inafika kifungo cha miaka saba. Hapo hatujagusa Uarabuni wala Ulaya. Ni uongo na hela.

La pili ni kufanya uwakala wa ajira bila kibali. Tunayo Sheria ya Huduma za Kukuza Ajira ya mwaka 1999, na kanuni za mwaka 2014 kuhusu mawakala binafsi wa ajira. Biashara ya kuwatafutia watu kazi haifanywi na kila mwenye simu na koneksheni. Inataka usajili na leseni ya uwakala wa ajira, chini ya usimamizi wa Kamishna wa Kazi. Hapa naomba mnisikilize sana, maana ndipo watu wetu wanapoliwa. Mtu anakuja na cheti cha BRELA, wanaosajili makampuni, kimewekwa kwenye fremu. Ana TIN, namba ya mlipa kodi. Ana leseni ya biashara ya halmashauri. Watu wanaona nembo, wanatulia. Cheti cha BRELA kinasema kampuni imezaliwa. Hakisemi imeruhusiwa kupeleka binti yako Muscat! Muulizeni leseni ya uwakala wa ajira, na mkishaiona, msiridhike na kuiona. Pigeni nakala, mwende ofisi ya kazi au TaESA, yaani huduma za ajira za serikali, muulize kama inatambulika. Wakala halali hakasiriki ukimwambia unakwenda kuuliza. Akikasirika, umeshajibiwa. Na kama anasema ofisi yake iko Zanzibar, kumbukeni Zanzibar wana sheria yao ya ajira na utaratibu wao wa vibali. Kuwa na baraka za kule hakumpi ruhusa ya kuzunguka Kondoa na Chemba akikusanya watu.

La tatu ndilo zito, usafirishaji haramu wa binadamu. Nitalifikia.

Lakini kwanza niwatoe Dodoma kidogo. Ufilipino ni nchi inayotuma wafanyakazi wengi sana nje kuliko sisi. Mwaka 1995 mfanyakazi wa ndani wa Kifilipino, Flor Contemplacion, alinyongwa Singapore kwa kesi ya mauaji. Nchi yake ililipuka kwa hasira, watu wakiuliza serikali inawalindaje raia wake walio ugenini. Miezi michache baadaye, Juni mwaka ule ule, wakapitisha sheria ya wafanyakazi wahamiaji, Na. 8042. Ndani yake, kuajiri watu wa kwenda nje bila leseni ni jinai yenye jina lake. Na ukiwafanyia watu watatu au zaidi, au mkishirikiana watatu au zaidi kuifanya, kosa linahesabiwa kuwa hujuma dhidi ya uchumi wa taifa, na adhabu yake ni kifungo cha maisha. Cha maisha! Mimi kinachonivutia zaidi pale si ukali. Ni kwamba kosa halingoji ndege iruke. Ukishaahidi kazi ya nje kwa malipo huna leseni, umefika. Sisi huku tunangoja mpaka mtoto apige simu analia usiku ndipo tuseme kuna kosa. Kwa maoni yangu tungeiga hapo, na wabunge wetu wako kilomita chache kutoka ukumbi huu.

Sasa lile zito.

Mwaka 2008 Bunge letu lilitunga Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu. Kifungu cha 4 kinamtaja anayeajiri, anayesafirisha, anayehamisha, anayehifadhi, anayetoa na anayepokea mtu, kwa njia yoyote, hata kama anajificha nyuma ya ajira ya ndani au ya nje ya nchi, mafunzo au uanagenzi, kwa lengo la ukahaba, kazi za kulazimishwa, utumwa au utumwa wa madeni. Hebu hesabuni watu wangapi wamo humo. Si bosi wa Dar peke yake. Na zamani mshtakiwa alikuwa na mlango wa kutokea, alipe faini aende nyumbani. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa, mlango ule wa faini mbadala ukafungwa.

Nitawasimulia safari ya binti mmoja kutoka Chemba. Nenda nami polepole, na kila mtu anayejitokeza kwenye hadithi, jiulizeni ana kosa au hana.

Binti ana miaka kumi na saba, kamaliza kidato cha nne, yupo nyumbani anavuna ufuta. Shangazi yake anaishi mjini, amekuja msibani. Anamwambia mama: mwanao anakaa bure, mimi najua mtu anapeleka wasichana Oman, miaka miwili tu atawajengea. Shangazi hakusema kwamba akipeleka binti mmoja analipwa hela ya kichwa. Mama akakubali. Ndiyo, mama akakubali, na ningekuwa mimi, na shangazi ni huyo tuliyelia naye msibani, ningekubali.

Pasi inataka cheti cha kuzaliwa, na kazi ya nje inataka umri. Umri hautoshi. Shangazi akampeleka kwa kijana mwenye stationery karibu na stendi, kompyuta moja na printa mbili, mmoja wa wale wanaojaza fomu za watu. Kijana akaingiza cheti kwenye mashine, akabadilisha mwaka. Binti wa miaka kumi na saba akatoka pale ana ishirini na mbili. Elfu thelathini. Kijana aliniambia baadaye kwamba yeye anauza karatasi, mambo ya watu hayamhusu.

Ikahitajika barua ya utambulisho. Mwenyekiti wa mtaa mmoja hapa mjini, hajawahi kumwona huyo binti, akaandika kwamba ni mkazi wake anayemfahamu tangu utoto. Elfu kumi.

Bodaboda akampeleka stendi. Akapanda basi. Dar akapokelewa na mama mmoja anayepangisha nyumba, chumba kimoja wasichana kumi na mmoja, magodoro chini, simu zimekusanywa kwenye beseni "zisisumbue". Kila wiki wanaondoka wawili watatu. Viza ni ya matembezi.

Haya. Shangazi?

Mnasema ana kosa. Sawa. Tena kifungu cha 6 kinasema usafirishaji ni wa hali mbaya zaidi pale mwathirika anapokuwa mtoto, na pale mhusika anapokuwa mzazi, ndugu, mlezi au mwenye mamlaka juu yake. Udugu ambao kwenye kikao tunautumia kuombea msamaha, kwenye sheria unaongeza uzito.

Kijana wa stationery? Kifungu cha 5 kinamgusa anayesaidia kupotosha ukweli au kughushi ili mtu apate nyaraka za kutokea nchini. Na kughushi kwenyewe ni kosa lingine kwenye Kanuni ya Adhabu. Mwenyekiti wa barua? Humo humo, kama alijua anachokisaidia. Mama mwenye nyumba? Sheria imetaja kuhifadhi, na imetaja anayetoa jengo lake kwa kazi hiyo huku akijua. Anayebandika tangazo kwenye status akijua biashara ni ya namna gani? Kutangaza kwa njia yoyote, mtandao ukiwemo, kumetajwa pia.

Bodaboda? Nawaona mnabishana. Vizuri. Nitasimama upande wake. Kama alimbeba abiria na begi, amelipwa nauli yake, basi. Sheria haimfungi mtu kwa kuendesha pikipiki. Lakini kama bodaboda huyo huyo ndiye anayepewa simu kila Alhamisi, anapita vijiji vitatu kuwakusanya, na analipwa mara tano ya nauli anyamaze, basi amejua, na akijua ameingia. Kifungu cha 22 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu anayesaidia kosa kuwa ni mtenda kosa. Sisi wafugaji hatuhitaji wakili kutufundisha hilo: aliyeondoka na ng'ombe na aliyemfungulia zizi, wote tunawafuata kwa nyayo.

Niseme hivi pia, kwa haki. Wapo wenyeviti wanaodanganywa kabisa. Mtu anakuja na kitambulisho cha NIDA cha kughushi, anaandikiwa barua. Sitaki mtoke hapa mnaogopa kugonga mhuri hata barua ya kufungua akaunti ya benki. Mwiteni huyo binti, muulizeni anakwenda kwa nani, kazi gani, mkataba uko wapi, yeye mwenyewe ajibu, si shangazi amjibie. Dakika kumi. Mkiandika kwenye daftari la ofisi kwamba mliuliza na alijibu hivi, mmejilinda.

Nchi hii ya Ugogo ilipitiwa na misafara ya pembe na watumwa kutoka Unyanyembe, kule Tabora, kwenda Bagamoyo. Wakubwa wa hapa walitoza hongo ya njia, ya maji na ya chakula, msafara ukapita. Hawakumfunga mtu mnyororo, walichukua chao tu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Naliacha hapo, wazee mmenielewa.

Sasa niwape lile ninaloambiwa kila kona: "Wakili, lakini alikubali mwenyewe." Polisi wananiambia. Ndugu wananiambia. Hata mwathirika mwenyewe ananiambia, nilikubali mwenyewe, nimlaumu nani?

Alikubali nini?

Mama mmoja, mtu mzima, watoto watatu, mfanyabiashara ya karanga, alikwenda Oman akijua anakwenda kufanya kazi za ndani. Hakudanganywa kuhusu kazi. Aliambiwa familia ya watu wanne, mapumziko Ijumaa, mshahara kiasi fulani. Alipofika akapelekwa ofisi ya mawakala, wao wanaita maktabu, pasi ikachukuliwa, simu ikachukuliwa, akakabidhiwa kwa nyumba ya ghorofa tatu yenye watu kumi na wanne. Analala saa saba usiku, anaamka saa kumi na moja. Ijumaa ndiyo wageni wanajaa. Baada ya miezi miwili akasema narudi nyumbani. Akaambiwa: tumekununua, rudisha hela tuliyolipia, ndiyo uondoke. Kule kuna mfumo wa kafala, kibali chako cha kukaa nchini kinafungwa kwa kafili, yaani mwajiri. Ukitoka nyumbani kwake bila ridhaa yake unahesabiwa mtoro, na unayeweza kukamatwa ni wewe. Shirika la Human Rights Watch liliandika mwaka 2017 kuhusu Watanzania wa kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, na habari ni hizo hizo: pasi kushikiliwa, saa za kazi zisizo na mwisho, mishahara kukatwa au kutolipwa.

Huyu alikubali kufanya kazi. Hakukubali kuzuiwa kuondoka. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, ile ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, ambayo nchi yetu imeiridhia, inasema ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu au vitisho haina maana yoyote. Na kwa mtoto, ridhaa haihesabiki hata pasipo udanganyifu. Hata mzazi hawezi kuitoa kwa niaba yake. Na kuificha, kuishika au kuiharibu pasi ya mtu ili asiondoke kumetajwa kwenye sheria yetu ya 2008. Kwa hiyo wakala wa huku anayewaambia wasichana "pasi zenu nitakaa nazo mimi mpaka siku ya safari", huyo ameanza mapema.

Wala msidhani ni wasichana tu. Mwanzoni mwa 2025 maelfu ya watu walitolewa kwenye majengo ya utapeli wa mtandaoni Myanmar, karibu na mpaka wa Thailand, wakiwemo Waafrika Mashariki. Wengi waliahidiwa kazi za kompyuta Thailand. Vijana wasomi, wenye Kiingereza, wenye vyeti. Nyie mliosimama nyuma, nawaongelea nyie.

Sisemi watu wasiende. Wapo waliokwenda, wakajenga, wakasomesha wadogo zao, na sina haki ya kuwazuia wengine. Anayekwenda aende na viza ya kazi, mkataba aliousoma kwa lugha anayoielewa na uliopita kwenye mamlaka zetu na ubalozi wetu, na nakala iachwe nyumbani.

Jambo la mwisho, na ni fupi. Kesi hizi hazifi kwa sababu sheria haipo. Zinakufa kwa sababu ushahidi umefutwa. Simu ikijaa, mtu anafuta voisi. Mara nyingi hela imetumwa kwa namba iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na hakuna aliyeandika jina lililotokea. Tangazo lilikaa kwenye status saa ishirini na nne, likatoweka. Basi piga picha ya skrini. Usifute meseji ya muamala. Tunza tiketi ya basi. Na yule aliyekwishalipwa nusu ya hela yake, bado ni shahidi. Chukua hela yako, ni haki yako, na mahakama inaweza kumwamuru mshtakiwa akulipe fidia. Lakini usisaini karatasi inayosema hutakwenda polisi. Nendeni kituoni, mpewe RB, namba ya taarifa yenu polisi; kama ni mtoto au ni mambo ya unyanyasaji, ulizeni Dawati la Jinsia na Watoto. Na hapa Dodoma Wizara ya Mambo ya Ndani ina Sekretarieti ya kupambana na biashara hii, ipo kwa kazi hiyo.

Mama mmoja wa Kondoa alinyanyuka kwenye maswali. Akasema: wakili, aliyempeleka mwanangu ni kaka yangu wa tumbo moja, na ndiye aliyenilipia ada nikasoma. Nikimpeleka polisi, ukoo utanielewa? Nilimjibu kwamba ukoo sitaweza kuujibia. Nikamuuliza kama mwanawe bado yuko huko. Akasema yuko. Nikamuuliza kama kaka yake bado anapeleka wengine. Akanyamaza kidogo, akasema Jumatatu wanaondoka wawili.

Tulitoka naye tukaenda kituoni kabla ya chakula cha mchana, na mtendaji wa kata yake alikuja nasi.